Sanduku la Kurudi

Nilifika Kampala nikiwa nimelala juu ya samaki.

Lori lilitoka Panyimur, ukingoni mwa Ziwa Albert, limejaa magunia ya samaki wakavu. Sisi tusiokuwa na nauli ya basi tulipanda juu ya magunia, tukafunikwa turubai pamoja na mzigo. Tulivuka daraja la Pakwach asubuhi. Kabla ya kufika Karuma gurudumu likapasuka, dereva akaondoka kwa pikipiki kwenda kutafuta jingine, nasi tukabaki kando ya barabara tukitazamana na nyani waliojua vizuri sana kilichokuwa ndani ya magunia. Hakurudi hadi kesho yake. Mvua ilinyesha. Samaki walianza kulainika, nasi tukalainika pamoja nao. Tulipoendelea, kila mji ulikuwa na sababu yake ya kutusimamisha: Kigumba askari wa barabarani, Nakasongola injini kuchemka, Luweero dereva kumsalimia shemeji yake, salamu ndefu kweli. Niliposhuka Bwaise nilikuwa na cheti changu cha sekondari, Senior Four, ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, shati moja la bluu mwilini, na harufu iliyonitangulia kila mlango niliobisha, hadi ule wa jeshi.

Ninyi vijana mnaoingia kazi ya stoo jeshini, naanza na lori lile makusudi. Kazi yangu yote ilikuwa kusafirisha watu. Mtu ambaye hajawahi kusafirishwa vibaya huipakia safari ya mwenzake kama anapakia mahindi.

Msicheke kwamba mtu wa miaka arobaini na kitu anajiita mstaafu. Jeshi lina hesabu yake, na goti langu lilikubaliana nalo. Tangu nitoke nimekuwa mlinzi wa baa Kabalagala, utingo wa malori ya Juba, muuza mkaa, na mtu wa kukaa tu. Kila mahali nimeondoka kabla hawajalizoea jina langu. Mahali pekee nilipokaa ni stoo ile, na hadi leo nikisikia harufu ya turubai lililolowa, miguu inataka kugeuka kurudi huko.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Sajini Ramadhan, Mnubi wa Bombo, mwana wa askari na mjukuu wa askari, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Siku niliyopelekwa kwake kutoka mafunzoni, nilikuwa nimerudishiwa mfuko wangu wa nguo za kiraia. Nikaufungua pale kaunta.

"Nani ameleta soko huku?" akauliza kutoka nyuma ya rafu.

"Ni shati langu, afande. Nilisafiri na samaki."

Akaja, akalinusa bila kukunja uso, akalikunja vizuri. "Sasa wewe ni Samaki," akasema. "Na Samaki akae mbali na blanketi zangu." Jina likanikaa. Hata makapteni waliniita Samaki, na wengine hawakuwahi kujua kwamba nina jina jingine.

Nilitaka kulifua shati lile siku hiyo hiyo. Alinikatalia, na sababu ya kunikatalia mtaielewa nikifika kwenye masanduku.

Kwanza niwaambie kuhusu vikosi vidogo. Watu wengi hudhani kazi ngumu ni kupeleka batalioni ng'ambo. Batalioni ina kila kitu mara nyingi nyingi. Ikisahau nyundo, itaazima kwa kampuni ya pili. Kikosi kidogo kina nyundo moja, mpishi mmoja, fundi umeme mmoja mwenye miwani moja. Hicho kimoja kikibaki Kampala, hakipo tena duniani. Kwa hiyo kabla ya kikosi kidogo kuondoka, Sajini Ramadhan alifanya jambo lililowachekesha maofisa: aliwaweka wale watu uwanjani siku nzima, kila kitu chao kikiwa ndani ya makontena na milango imefungwa, akawaambia waishi. Wapike, wanywe, watibiwe, walale. Kila walichokuja kuomba stoo ndicho kilichokuwa kimesahauliwa.

Kikosi ninachotaka kuwaeleza kilikuwa cha mafundi wa maji. Walikuwa wanakwenda nchi moja ng'ambo ya bahari, ya mchanga na joto, kuchimba visima na kusafisha maji kwa ajili ya kambi ya walinda amani. Matayarisho yao yalituchosha kuliko kikosi chochote. Nchi ile haikutaka udongo wa mtu. Gari likishuka bandarini na tope la nyumbani kwenye matairi, hurudishwa lilikotoka. Nanyi mnajua udongo wetu ulivyo, huo mwekundu. Unaingia mahali hata maji hayaingii. Tulilala chini ya magari na miswaki, nasema miswaki ya meno, tukichokoa udongo kwenye boliti. Halafu mvua inanyesha, dereva analisogeza gari kidogo tu kulikinga, na tunaanza upya.

Mbao pia hawakuzitaka, isipokuwa zilizochomwa dawa na kupigwa muhuri. Hapo ndipo nilipozoeana na Koplo Opio.

Opio alikuwa mpishi wao, kijana wa Lira, mwana wa marehemu polisi. Alikuwa na mwiko wa mti mrefu kama kasia, wa kusongea posho, ugali wa kwetu, na mwiko huo haukuwa na muhuri wa mtu yeyote. Nikamwambia hauendi. Tukamtengenezea wa chuma kwa mafundi wa Katwe. Aliutazama kama mtu aliyeletewa mke asiye wake.

"Samaki, hii chuma itakwaruza sufuria. Posho itakuwa na ladha ya pikipiki."

"Watazoea."

"Wewe hapana kula huko, ndiyo maana unasema watazoea."

Kwenye buti alinitesa zaidi. Pimeni buti alasiri, vijana, mguu ukiwa umevimba kwa kazi, na mtu akiwa amebeba mzigo wake wote mgongoni. Mkipima asubuhi mtawaua watu. Opio nilimpima asubuhi na alasiri na bado haikufaa. Mguu wake wa kulia ulikanyagia nje, ukingoni, na kiatu chochote alichovaa kililala upande baada ya muda mfupi.

"Hii buti inauma kama mama mkwe," akaniambia.

"Mguu wako ndio umepinda."

"Mguu haina shida. Dunia ndiyo imelala upande."

Tukaweka ngozi ndani ya buti, nikaipunguza kwa kisu hadi akatembea bila kukunja uso. Nilijivunia sana ngozi ile. Hakuna mtu mwingine aliyejua ipo.

Sasa masanduku.

Sajini Ramadhan alikuwa na desturi aliyoipokea kwa baba yake. Askari anayekwenda ng'ambo huacha stoo sanduku la bati, lile wanalobeba wanafunzi wa bweni, na ndani yake nguo atakayorudi nayo nyumbani kwao. Si sare. Nguo ya kiraia, kamili, pamoja na viatu. Aliliita sanduku la kurudi. Alisema mtu ambaye hajaweka sanduku la kurudi hajamaliza kufunga safari, hata kama kontena limeshapigwa lakiri. Na sharti lake lilikuwa hili: nguo hiyo uivae siku moja kabla ya kuondoka, uianike kidogo ikauke jasho, uikunje, uiweke. Usifue.

"Nguo iliyofuliwa kwa haraka inaingia na maji," alinieleza. "Maji yanazaa ukungu. Ukungu unakula kola." Niliamini ni hilo tu. Na mimi, ambaye sikuwa nakwenda popote, alinilazimisha niweke langu. Shati la bluu likaingia sandukuni likiwa na Panyimur nzima ndani yake, sanduku likapanda rafu ya juu kabisa.

Basi siku yao ya kuvaa nguo za kurudi, mafundi wa maji walikuwa kama wanakwenda harusini. Opio alivaa shati la njano na viatu vyeusi vya mtumba vya soko la Owino, akacheza mbele ya jiko lake huku wenzake wakimpigia sufuria. Kila mtu alimwona.

Masanduku yao yote yalitoka kwa fundi mmoja wa Katwe, na fundi huyo alikuwa amebakiwa na rangi moja tu, kijani. Makufuli waliyanunua dakika za mwisho kwa mchuuzi aliyekuja getini na katoni. Majina tuliyaandika kwenye karatasi, na kwa kuwa gundi ilikuwa imeshaingia kwenye kontena, Opio akatukorogea uji mzito wa posho, tukabandikia. Karatasi zilishika vizuri kabisa. Funguo tukazitundika kwenye misumari nyuma ya kaunta, kila msumari na jina lake.

Mtu yeyote aliyekaa Kampala anajua panya wa stoo wanapenda nini. Kabla mvua za pili hazijaisha, hapakuwa na karatasi hata moja. Walikula uji, wakala na majina. Sajini hakushtuka. Alikuwa akiyajua masanduku kwa mahali yalipokaa. Kisha paa likavuja upande ule. Vijana wa zamu wakayahamisha kwa moyo mzuri, wakayapanga upya yakapendeza sana, na hapo hakuna aliyejua tena lipi ni la nani. Bado hatukuogopa. Tulisema ufunguo utaamua.

Wa kwanza kurudi alikuwa Praiveti Kato, mtu mrefu kuliko mlango wetu. Mchanga wa huko ulimharibu macho, wakamrudisha kabla ya wenzake, akaachishwa kazi. Akachukua ufunguo wake kwenye msumari, akajaribu sanduku lililokuwa karibu, likafunguka. Akalifunga tena, akaliweka kichwani, akaondoka. Tulimpungia mkono.

Habari ya Opio ilifika baadaye. Gari lao la mafuta lilipinduka barabarani likaungua. Alikuwa amepanda ili aende kununua vitunguu.

Alikuja katika jeneza lililofungwa na kupigwa lakiri, na amri kwamba lisifunguliwe. Mama yake alikuja kwa basi kutoka Lira kumpokea. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya stoo yetu, ameegemea ukuta, kanga imefungwa kiunoni, mikono juu ya magoti. Lori la kumpeleka Opio kwao lilikuwa limeegeshwa chini ya bendera, injini inanguruma, na luteni mmoja kijana, mwenye adabu, alikuwa amesimama kando yake.

"Mama amekataa kupanda," akamwambia Sajini.

Sajini akachuchumaa mbele yake. "Mama, pole."

"Nimepoa, baba," akajibu. Alikuwa na Kiswahili cha kambi ya polisi. "Hii sanduku ya mbao mimi haijui. Mnasema mtoto yangu iko ndani. Nimesema nione, mmekataa. Sawa, mimi ni mke ya polisi, najua amri. Lakini siwezi kuzika mbao. Watu wamechimba shimo, wanangoja, na mimi nitasimama pale niseme namzika nani? Opio aliniambia ameacha sanduku ya bati hapa, na nguo yake ndani, haijafuliwa. Mnipe hiyo. Mimi nilimzaa. Nikisikia harufu yake nitaiweka juu ya hii mbao, halafu twende."

Sajini alisimama. Alichukua ufunguo kwenye msumari wa Opio, tukaingia. Alijaribu sanduku moja. Likafunguka mara ya kwanza. Nilimshukuru Mungu mapema mno. Tukalileta kwenye ngazi, mama akafungua kifuniko mwenyewe. Akatoa suruali, akaiinua. Ilikuwa ndefu, ikamfika yeye kidevuni na bado iliburuta chini.

"Hii si ya mwanangu," akasema.

Sajini akarudi ndani, nikamfuata. Aliingiza ufunguo ule ule katika kufuli la pili. Likafunguka. La tatu likafunguka. Hakufungua kifuniko hata kimoja, alifungua na kufunga makufuli tu, mstari mzima, na kila kufuli liliitikia ufunguo wa Opio. Katoni nzima ya mchuuzi yule ilikuwa na ufunguo mmoja. Niliona shingo yake ikilowa jasho.

"Samaki," akasema polepole, "nani ana suruali ndefu hivyo?"

"Kato."

"Na Kato alibeba nini kichwani?"

Tulipanda pikipiki moja, yeye katikati, hadi Namuwongo. Kato alikuwa amepanga chumba karibu na reli, na tulipovuka tu tuliliona shati la njano. Lilikuwa kwenye kamba, peke yake, linadondosha maji.

Kato alitoka kabla hatujaita. Macho yake yalikuwa mekundu, sijui ni ule mchanga au ni kitu kingine.

"Najua mmekuja nini, afande. Jana nimesikia habari ya Opio. Nilikuwa naileta mwenyewe kesho."

"Ulijua kwamba ni ya Opio?"

"Nilijua siku niliyofungua. Si tulimwona akicheza na hii shati? Nikasema, bwana, akirudi tutacheka. Nitamrudishia na soda juu. Nikaivaa kutafuta kazi. Hakuna aliyenipa kazi, afande, lakini walinikaribisha kiti." Alifuta pua. "Jana nikasema haiwezi kurudi na jasho yangu. Nimefua mara mbili. Nimeweka sabuni ile ya harufu."

"Umefua," Sajini akasema.

"Mara mbili, afande. Suruali nimepiga pasi."

Sajini aliketi kwenye jiwe kando ya reli akavua miwani. Kato alinitazama mimi, hajui amekosea wapi. Alikuwa amefanya alichofundishwa na mama yake mwenyewe: kitu cha mtu kinarudishwa safi. Mimi nilikwenda kwenye kamba nikakamua shati, nikalinusa. Maua. Maua matupu.

Njiani, Kato akitufuata kwa pikipiki nyingine na sanduku mapajani, nilimwambia Sajini sikioni kwamba tunaweza kupitia jikoni kwanza. Opio alikuwa mpishi. Tulishikilie shati juu ya moshi wa kuni na sufuria ya posho, dakika chache tu, litakauka na litanuka jiko. Nilidhani ni wazo jema.

"Samaki," alisema bila kugeuka, "mama hadanganywi kwa moshi."

Mama alikuwa pale pale. Luteni alikuwa amemletea maji naye hajayagusa. Kato aliliweka sanduku miguuni pake, akatandaza shati juu ya kifuniko, bado lina unyevu. Mama alilichukua kwa mikono miwili, akafunika nalo uso. Alikaa hivyo. Dereva wa lori alizima injini, sijui nani alimwambia.

Alipolishusha, uso wake ulikuwa mtupu. "Hii ni harufu ya duka," akasema.

Kato akapiga magoti. "Ni mimi nilifua, mama. Nilitaka ije safi."

Alimtazama mtu yule mrefu aliyepiga magoti na bado wanalingana. "Asante, mwanangu," akamwambia, na kwa hakika hakuna tusi ambalo lingeniuma kuliko asante ile. Luteni akageukia bendera. Nilijua mama ataondoka hapo bila kupanda lori, au atapandishwa kwa nguvu, na ninyi mkiingia kazi hii mtajua kwamba nguvu ipo siku zote, inangoja tu mtu achoke kusubiri.

Ndipo Sajini alipofungua sanduku. Suruali iliyopigwa pasi akaiweka kando. Chini kabisa vilikuwa viatu vyeusi vya Owino. Kato hakuwahi kuvivaa. Visingemwingia hata vidole. Hakuvifuta wala kuvipaka rangi. Vilikuwa na vumbi la siku ile ya kucheza.

Mama alichukua cha kulia. Hakukinusa. Aliingiza mkono ndani, hadi kifundo, akausogeza taratibu kama mtu anayetafuta kitu gizani. Kiatu kililala upande juu ya goti lake, ukingo wa nje umeliwa hadi kwenye uzi. Mkono ule ulisimama.

"Anakanyagia nje," akasema. "Tangu alipoanza kutembea. Baba yake alikuwa anamcheka." Kisha akasema kwa lugha yao maneno ambayo sikuyaelewa, akiziambia alama za mguu zilizokuwa ndani ya kiatu.

Alisimama mwenyewe. Shati la njano akalikunja, akampa Kato. "Hii sasa ni yako. Umeshaifua." Sanduku aliliacha. Alipanda nyuma ya lori, si mbele alikofunguliwa mlango, akaketi kando ya jeneza, akaviweka viatu juu ya ubao, mkono wake juu yavyo visidondoke barabara ikianza kuwa mbaya.

Sijawahi kumwona Kato amevaa shati lile, ingawa nimeuza mkaa Namuwongo na nilimwona mara nyingi.

Baada ya hapo tulinunua makufuli duka hili moja, duka lile moja, na majina tuliyagonga kwa patasi kwenye bati. Mafundi wa maji waliobaki walirudi, wamekonda, mikanda imeongezwa matundu. Kila mmoja alipofungua sanduku lake aliinusa nguo kwanza, kabla ya kuivaa, akidhani hakuna anayemwona. Sajini alikuwa ananikonyeza. Siku hizi mzigo unapangwa na kompyuta, na inapanga vizuri, sina neno. Nimesikia masanduku yameondolewa kwa sababu yanachukua nafasi. Mkiweza, yarudisheni. Msipoweza, basi mwambieni mtu aache japo viatu.

Sajini Ramadhan alistaafu, akarudi Bombo, na Bombo hakukaa sana. Nilifika mazishini nimechelewa. Viatu vyake vilikuwa mlangoni, vimepangwa pamoja na vya waombolezaji, na nilivijua.

Siku yangu ya kuondoka nilikabidhi vitu kwa koplo mpya: blanketi, kofia, mkanda, buti. Alikuwa mwepesi na mwema, akatia sahihi bila kuangalia. Kisha nikapanda ngazi hadi rafu ya juu. Sanduku la Opio lilikuwa bado pale, tupu, na langu juu yake. Kwetu Panyimur hapakuwa na mtu tena. Mama alifariki nikiwa nahesabu vyandarua vya kikosi kimoja, na kaka alihama na sijui alikohamia. Nilikuwa na nguo ya kurudi bila mahali pa kurudi. Niliwaza kulifua lile shati la bluu. Bomba lilikuwa pale nje, sabuni ipo.

Nililivaa nyuma ya rafu. Vifungo vya tumboni havikufika.

"Afande," koplo akaita kutoka kaunta, "nini inanuka?"

"Ni mimi," nikamjibu. "Natoka."

Nilipita uwanjani, nikapita bendera, hadi getini. Askari wa zamu alikuwa akinijua miaka mingi. Alirudi nyuma, akaziba pua kwa mkono wa kushoto, na kwa ule wa kulia akanipigia saluti.